Mzizi wa Korongoni

Dunda, Bagamoyo
Aprili 27, 2025

Mdogo wangu Feisal,

Leo vitumbua vimeisha mapema, karai nimeliepua, na nimekaa kwenye kigoda changu nikuandikie kabla mvua haijarudi. Mimi mzima, watoto wazima, ila mafua ya masika yanazunguka nyumbani kwa zamu, kila mtu na siku yake. Wewe na baridi yako ya Lushoto mnaendeleaje?

Usiniulize kwa nini naandika barua wakati namba yako ninayo. Unajua vizuri. Tukiongea kwenye simu tunacheka, tunasengenya, nikifika tu kwenye neno "Baba" unakata. Mara nne umenikatia, Feisal, halafu unasingizia mtandao. Barua huwezi kuikata katikati. Kuichana unaweza, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Sasa nisikilize. Juzi walipita hapa vijana watano wa Dar na baiskeli za matairi manene kama zako. Wameroa tope mpaka kwenye nyusi, na bado wanacheka. Walikuwa wametokea Kaole kwa njia ya ufukweni, wakanimalizia vitumbua vyote. Mmoja akaniuliza, "Dada, huko bara hakuna njia mbaya?" Nikamwambia njia nzuri zipo nyingi. Akasema hapana, wao wanatafuta mbaya. Nilidhani ana homa. Ndipo nikakukumbuka wewe, ambaye kazi yako ni kuwaongoza watu wazima wakajitese kwenye milima. Kwa nini usiwalete huku? Siku moja Kaole, siku ya pili Fukayosi kwetu. Njia mbaya tunayo, na hakuna anayeijua kukushinda.

Miaka kumi sasa, mdogo wangu. Baba ndevu zote zimekuwa nyeupe, na amekonda, ungemwona ungemshangaa. Naishia hapo nisije nikakuudhi.

Nimekuwekea korosho. Usiwagawie Wasambaa wote, bakiza zako.

Dada yako,
Batuli

---

Lushoto
Mei 6, 2025

Dada Batuli, shikamoo.

Korosho zimefika, kasoro zile ambazo konda alizionja njiani. Asante sana. Na mimi nakutumia viazi na plamu, na barua, maana naona umeamua tuwe watu wa zamani.

Nilicheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Baiskeli za mlimani, Bagamoyo? Dada, mlima mrefu kuliko yote hapo kwenu ni tuta la barabarani.

Lakini nilimsomea Marselina ile habari ya vijana wa Dar. Marselina ndiye kiongozi wa chama chetu cha baiskeli, mwalimu wa hesabu, mtu wa Moshi, mwanamke asiyejua breki ni ya kazi gani. Kila mwaka chama kinachagua mji mmoja ambao hatujawahi kufika, na mwaka huu walikuwa bado wanabishana. Mchanga wa ufukweni na mikoko vimempendeza. Akaniuliza swali moja tu: "Kuna mahali hata pamoja pa kututoa jasho?" Kabla sijajizuia mdomo ukamtajia korongo la Fukayosi. Jinsi njia inavyodondoka ghafla, yale mashimo, na kule chini ule mzizi wa mkwaju uliokatiza njia, mnene kama paja. Ameuandika kwenye daftari lake na kuupigia mstari.

Kwa hiyo tukija, tunachotaka ni hicho. Mashimo, mizizi, mawe, mchanga. Msijisumbue kufagia wala kufyeka.

Na kuhusu yule uliyemtaja mwishoni. Fukayosi nitapita, nyumbani siingii. Nilikuwa na miaka kumi na saba, magunia mawili ya mkaa nyuma yangu, baiskeli si yangu, ni yake. Mzizi ukanirusha. Nilikuwa nimelala pale mkono umegeuka upande usiostahili, Baba akaja mbio, na neno la kwanza kinywani mwake likawa, "Baiskeli iko wapi?" Hakuuliza mkono. Hakuuliza siku ile, hakuuliza lile hogo la plasta mkononi lilipofunguliwa, hakuuliza mpaka naondoka. Basi nitampitishia baiskeli mbele ya mlango wake aione vizuri.

Nisamehe dada, hukustahili ukali huu.

Feisal

---

Dunda
Mei 18, 2025

Feisal wangu,

Viazi vitamu kweli, plamu zimetufikia zimekuwa uji. Watoto wamezinywa hivyohivyo.

Nimekukagulia njia. Usicheke. Kaole nilienda asubuhi maji yakiwa yamekupwa, na mchanga ni mgumu, unaweza kupita juu yake kama sakafuni. Mkichelewa maji yakarudi, mtabeba baiskeli kichwani. Mlinzi wa magofu anasema mkipita jirani na makaburi mshuke na mzikokote, na mimi nimemwahidi kwa niaba yenu. Kwenye mikoko kuna tope la kutosha kumridhisha Marselina mpaka mwakani.

Fukayosi alinipeleka Ausi wa bodaboda. Mvua ilikuwa imekata njia, pikipiki ikagoma, nikaenda kwa miguu kati ya mananasi ya watu mpaka korongoni. Lipo vilevile, baya kuliko ulivyoliacha. Mzizi nimeupima kwa pindo la kanga ili umwambie mwalimu wako vipimo kamili: unene wake ni shubiri mbili na vidole vitatu. Nilipokuwa nimechutama pale naupima nilijisikia vibaya, nikakaa kidogo.

Baba hajui lolote, sijamwambia. Uje na wenzako, nitawapikia wali wa nazi na pweza siku ya kwanza, na siku ya pili mtakula mananasi mpaka midomo iwashe. Chakula ni juu yangu, wewe lete watu na uso wako.

Batuli

---

Lushoto
Juni 22, 2025

Dada, shikamoo.

Barua fupi, basi linaondoka. Chama kimekubali! Tutakuja watu kumi na wawili. Jumamosi Julai 12 Kaole, Jumapili 13 asubuhi Fukayosi. Marselina anasema korongo likiwa kama nilivyomsimulia, tutafanya Bagamoyo iwe mji wetu wa kila mwaka. Kila mwaka, dada! Ningekuona kila mwaka.

Narudia tena, msijisumbue na njia. Iacheni ilivyo.

Kuna mmoja hali pweza, anaitwa Clever. Mkaangie yai.

Feisal

---

Lushoto
Julai 17, 2025

Dada Batuli, shikamoo.

Tumefika salama, na kwanza nikushukuru, maana njiani hakuna aliyezungumza jingine zaidi ya chakula chako. Clever, yule asiyekula pweza, alikula sahani mbili na sasa anasema hakuwahi kusema hivyo. Kaole iliwavutia wote kwa uzuri. Ile asubuhi mchanga ukilia chini ya matairi na kaa wakikimbilia mashimoni, nilijivuna kana kwamba nimeutengeneza ufukwe mwenyewe. Na wewe uliponikumbatia pale kibarazani nilitaka kukaa wiki nzima. Hayo yote nayasema kwa moyo.

Lakini Fukayosi mmenifanyia nini?

Hukuwepo, ulibaki mjini na masufuria yako, kwa hiyo nikusimulie. Tulipita mbele ya nyumba. Nilipunguza mwendo, nakiri. Mlango umefungwa, uwanjani hakuna hata kuku. Nikasema sawa, hata kunitazama hataki. Tukaingia njia ya korongoni, mimi mbele, nimewaambia wajiandae, washushe viti, wakaze kofia zao. Dada, njia imefagiliwa! Mashimo yamefukiwa na kushindiliwa. Mawe yamepangwa pembeni kama ya kuzungushia bustani. Tukashuka moja kwa moja mpaka chini bila hata mtu mmoja kugusa breki, na kule chini hakuna mzizi. Umekatwa na mahali pake pamesawazishwa. Marselina akasimama, akatazama nyuma, akaniambia taratibu tu, "Feisal, umetuleta uwanja wa mpira." Wenzangu walicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Tulipotoka upande wa pili tulimkuta mama mmoja anachota maji, akatuambia kwa furaha kabisa kwamba aliyeitengeneza ile njia ni Mzee Mwinjuma, kaifanyia kazi wiki mbili. Kwa hiyo ulimwambia Baba. Uliniandikia kwamba hajui lolote, na kumbe alijua mpaka siku. Kitu kimoja nilichokiomba katika kijiji kile, mashimo, akaenda kukifukia. Baba yangu ana miaka kumi hajaniona na bado amejua pa kunipiga.

Mtu pekee aliyeonekana kufurahi kutuona ni mzee mmoja aliyekuwa amesimama pale chini, pale pa mzizi, kaegemea jembe. Nilimwamkia bila kusimama, "Shikamoo mzee!" Akaitika, "Marahaba. Pita, baba, pita." Basi, hayo ndiyo makaribisho yangu ya nyumbani.

Sitaleta tena watu huko. Wewe nitakuja kukuona peke yangu, Dunda, siku nyingine.

Feisal

---

Dunda
Julai 23, 2025

Feisal,

Nimeisoma barua yako mara tatu na vitumbua vya watu vikaungua. Kaa chini kwanza.

Nilikudanganya, na naanzia hapo. Siku ile nilipokuwa nimechutama korongoni na kanga yangu, Baba alitokea shambani akanikuta. Akaniuliza napima nini. Nikashindwa kumwongopea mzee wa watu, nikamwambia yote: unakuja, mtapita pale, mnataka njia mbaya, na kwamba nyumbani huingii. Aliutazama ule mzizi. Halafu akaniuliza, "Siku gani?" Nikamwambia sijui bado. Barua yako ya Juni ilipofika aliniuliza tena, nikamtajia. Wewe sikukwambia kwa sababu niliogopa utakata, kama unavyokata simu.

Wiki moja kabla hamjaja nilikwenda kutafuta mananasi, nikamkuta korongoni. Nusu ya njia tayari ilikuwa laini. Nikapiga kelele, "Baba, wameniandikia tusijisumbue! Wanataka mashimo!" Akaniangalia kama mtu ambaye hakulelewa. Akasema, "Mgeni gani anakwambia jisumbue? Wanasema hivyo kwa adabu." Feisal, ungejibu nini hapo? Tumekulia nyumba ileile. Lini mgeni kasema msijisumbue na Mama, Mungu amrehemu, akaacha kuchinja kuku? Na majirani wakaona mzee anahangaika peke yake, wakaja na mafagio. Wote walikuwa wanakuandalieni. Yule mama wa maji kafagia pale kwa mikono yake, ndiyo maana alikwambia kwa furaha.

Ila mzizi hakumruhusu mtu. Aliukata peke yake kwa shoka, siku nne. Nilikaa naye siku ya mwisho, nikapata ujasiri wa kumuuliza lile swali lako, kwa nini aliuliza baiskeli. Hakuacha kukata. Akasema, "Mkono niliuona nikiwa bado juu. Niliogopa kuutazama tena. Ulimi ukakimbilia baiskeli." Akapiga shoka kidogo, akasema tena, "Kila siku nikasema kesho nitamuuliza. Halafu akaondoka." Na kabla sijapanda bodaboda akanifuata kuniambia, "Safari hii hataanguka."

Ningeweza kumzuia. Ningemwambia kwamba wanasema kweli kabisa, wanataka mashimo, na anamharibia mwanawe. Angesikia. Sikumzuia, kwa sababu katika miaka kumi sikuwahi kumwona akikufanyia kitu, na yeye hakuwa na kitu kingine cha kukufanyia. Kama ni hasira, nikasirikie mimi.

Mlango mliukuta umefungwa kwa sababu mwenye nyumba hakuwemo. Alitoka alfajiri akaenda kusimama korongoni.

Yule mzee mwenye jembe ni Baba.

Najua hukumtambua, nimekuambia amekonda na ndevu zimekuwa nyeupe, na wewe ulikuwa kwenye kasi na miwani yako kama ya kuchomelea vyuma. Lakini yeye hajui kwamba hukumtambua. Tangu siku ile anamwambia kila anayekuja, "Kapita. Kaniamkia. Hakuanguka." Juzi alimwambia mpaka Ausi, ambaye alishasikia mara mbili. Mimi sitamwambia ukweli. Wewe ukitaka kumwambia, mwambie mwenyewe.

Kwenye mzigo huu, ndani ya gazeti, kuna kipande cha ule mzizi. Kanipa yeye. Kasema, "Mpelekee aone kwamba haupo tena."

Dada yako anayekupenda hata ukinuna,
Batuli

---

Lushoto
Agosti 3, 2025

Baba, shikamoo.

Naandika kwako moja kwa moja, na naomba usome mwenyewe polepole. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma kwa kukaa pembeni yako ukiwa na kitabu chako cha elimu ya watu wazima, kwa hiyo najua unaweza.

Sitaki kuanza na uongo. Pale korongoni sikujua kuwa ni wewe. Nilimwamkia mzee aliyesimama njiani, kama ningemwamkia mzee yeyote, nikapita. Nimeambiwa na Dada, na tangu hapo usingizi umekuwa wa taabu. Ile shikamoo ilikuwa ya mpita njia. Hii ya leo ni yako.

Nilikasirika kuhusu njia. Nilidhani umenikomoa. Niliwaambia wenzangu mambo ambayo sasa najilaumu kwayo, na jana nimerudi kuwaambia kilichotokea kweli. Marselina alichukua kile kipande cha mzizi mezani kwangu, akakipima kwa kiganja, akauliza shoka ni la aina gani. Huyo mtu, Baba, hajui kulia, lakini nadhani alikaribia.

Mkono wangu mzima. Baridi ya huku ikizidi unauma kidogo kwenye kiwiko, mwezi wa Juni na Julai, lakini nabeba nao, naendeshea nao, natengenezea nao baiskeli za watu kutwa. Hukuniuliza, lakini nimesikia kwamba ulitaka, basi nimejibu.

Nitakuja tarehe 23, Jumamosi, peke yangu, bila chama. Nitashuka basi njia panda na kuendesha mpaka nyumbani. Naomba nilale kwako kama nafasi ipo. Nitaleta viazi.

Mwanao,
Feisal

---

Fukayosi
Agosti 12, 2025

Feisal,

Marahaba.

Naandika mwenyewe. Imenichukua siku mbili. Batuli ataitia kwenye mzigo lakini nimeifunga kwa gundi ya ugali asisome.

Nilijua hukunijua. Mtu akimwamkia baba yake hasemi "mzee". Macho yako yalikuwa kwenye njia, na ndiko yanakotakiwa kuwa mtu akishuka. Nilifurahi hivyohivyo. Batuli anadhani sikujua, na anajitahidi sana kunificha, kwa hiyo usimwambie, muache.

Habari ya mkono nimeisoma mara nyingi. Kiwiko kipake mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, usiku, halafu kifunge kwa kitambaa. Mama yako alifanya hivyo kwa mguu wangu. Nilipaswa kukuuliza siku ile.

Nafasi ipo. Kitanda chako kipo, nimebadilisha kamba.

Nimeelezwa sasa kwamba yule mwalimu anataka mashimo kweli, si kwa adabu. Sijaelewa, lakini mgeni ni mgeni. Tangu wiki iliyopita nimeanza kuyachimba upya. Mpaka leo yapo saba, na mawe nimeyarudisha katikati ya njia. Majirani wananiuliza kama nina akili timamu. Ukija uyakague uniambie kama ni mabaya ya kutosha, halafu umwandikie mwalimu alete watu wake mwakani.

Ila pale pa mzizi sichimbi. Pale patabaki hivyohivyo palivyo sawa, na wakiuliza waambie baba yako kakataa.

Baba yako,
Mwinjuma